Karatasi ya Wageni



Kazi yangu katika kamati ya msikiti wetu hapa Tanga ni kuandika. Kikao kikianza, huandika waliohudhuria na waliotoa udhuru. Kikiisha, huusoma muhtasari ili kila mmoja asahihishe kile alichonukuliwa. Kwa miaka 6 sasa nimesahihishwa neno kwa neno. Tunaye mzee mmoja katika kamati ambaye hawezi kulala iwapo muhtasari umeandika kwamba alisema "huenda" ilhali yeye alisema "pengine". Naeleza haya ili msomaji ajue kwamba sikuwa mgeni wa uangalifu. Na bado niliandika karatasi, kurasa nne tu, ambayo ilimlaza bibi wa watu hospitalini siku mbili.

Karatasi hiyo ilihusu nyumba ya marehemu baba yetu huko Lushoto, katika milima ya Usambara. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma, chumba baada ya chumba, kwa miaka 11, juu kidogo ya mji, mahali ambapo asubuhi moshi wa majiko ya bondeni huonekana ukipanda kabla ya jua. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mama alikuwa amekwisha kumtangulia, nasi tukabaki warithi watatu: kaka yangu aliye Dar es Salaam, dada yetu aliyeolewa Korogwe, na mimi. Mabati ya upande wa kusini yalikuwa yameliwa na kutu. Kaka akaona nyumba iuzwe, kila mmoja apewe fungu lake kama sheria ilivyoliweka. Kisheria hakukosea hata kidogo. Dada alilia. Mimi nikaomba mwaka mmoja: tuipangishe kwa siku kwa familia zinazotaka kupumzika milimani, pato litengeneze paa; mwaka ukiisha bila paa, iuzwe. Shangazi yetu, anayeishi kiwanja cha jirani, akakubali kuwa mwenye funguo.

"Basi katibu aandike," alisema kaka. Wageni, alieleza, hawakodi kuta na vitanda peke yake. Hukodi na kilichopo karibu: waende wapi, wale nini, wasali wapi, watoto wacheze wapi. Alikuwa amesema kweli, na neno lake hilo nililikumbuka baadaye kwa uchungu, kwani mimi niliyesoma chuo cha Kiislamu ndiye niliyepaswa kulisema. Mlango wa ijara tuliusoma mwaka wa pili: manfaa yanayokodishwa sharti yajulikane, yasiwe na giza. Swali lake lilikuja katika mtihani, nikapata alama nzuri.

Niliiandika karatasi hapa Tanga, mezani, baada ya Isha, kwa muda wa saa mbili. Sikupanda mlimani kupima chochote. Niliandika kwamba mji wa Lushoto upo mwendo wa dakika 40 kwa miguu, na hiyo ni kweli kwa anayeshuka. Niliandika kwamba hospitali ya wilaya iko karibu. Niliandika kwamba genge la Irente, kilomita 5 au 6 kutoka mjini, lina mandhari ya kushangaza wakati wowote, ukungu sikuutaja. Hifadhi ya Amani niliiita jirani yetu, kwa sababu nayo iko Usambara, kana kwamba bonde la Lwengera halikuitenganisha milima hiyo sehemu mbili. Atakaye kwenda Amani kutoka kwetu sharti ashuke hadi Mombo, apite Korogwe, azunguke hadi Muheza, kisha aanze kupanda upya. Na kuhusu Mtae niliandika hivi, na nanukuu mwenyewe bila kujihurumia: "Safari fupi ya mchana. Barabara inapitika."

Nilikwenda Mtae mara moja katika maisha yangu, nikiwa na miaka 8, ndani ya lori la viazi, kichwa changu kikiwa mapajani mwa baba. Nilisinzia tukiwa bado Lushoto, nikaamshwa tumefika. Safari niliyolala njia nzima ndiyo niliyowaandikia watu kuwa fupi.

Wageni wa kwanza walikuja na kuondoka kwa furaha. Walisifu maji ya chemchemi na hewa. Kweli hewa ya Lushoto ni neema. Wajerumani walipotawala waliupa mji huo jina la mfalme wao, wakauita Wilhelmstal, wakawa wanapanda huko kukimbia joto la pwani na malaria. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, ikaja familia ya watu sita kutoka Dar es Salaam: baba ambaye ni mhasibu, mkewe, watoto watatu, na mama yake mzee mwenye ugonjwa wa kisukari. Walikuwa na gari lao dogo, la kukimbilia lami. Siku ya tatu mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka. Wakasali Adhuhuri, wakala, wakaisoma karatasi yangu, wakaondoka saa saba na nusu kwenda Mtae. Sindano ya insulini ya Bibi waliiacha nyumbani, kwenye mtungi wa udongo ambamo Shangazi aliwaelekeza kuihifadhi kwa ubaridi. Walihesabu kwamba wangerudi kabla ya Magharibi.

Mtae ni kama kilomita 60 kutoka Lushoto. Lami huisha mapema. Baada ya hapo ni udongo mwekundu unaozunguka vilima, kona kwa kona, kupitia Lukozi hadi Sunga na kuendelea. Wakati wa kiangazi gari refu huchukua kama saa tatu. Wakati wa masika, gari fupi halina saa. Walikwama mara ya kwanza baada ya Lukozi, wanakijiji wakawasukuma. Hawakurudi nyuma, kwa sababu karatasi ilisema safari ni fupi, wakaamini kwamba Mtae ipo nyuma ya kilima kinachofuata. Saa kumi na moja mvua ikarudi. Saa kumi na mbili gari likateleza, likaketi mtaroni, giza likaingia, na simu hazikuwa na mtandao.

Jioni ile mimi nilikuwa katika kikao cha kamati. Tulijadili ankara ya maji ya udhu, na simu yangu nilikuwa nimeinyamazisha kama adabu ya kikao inavyotaka. Nilipoitazama baada ya Isha, nilikuta Shangazi amepiga mara saba. Nilimpigia. Hakuniamkua wala hakungoja nimwamkie.

"Baba, wageni wako hawajarudi."

"Wamekwenda wapi, Shangazi?"

"Wamekwenda ulikowatuma."

Sikulala. Nilimpigia mhasibu yule kila nusu saa, na kila mara sauti ya mashine ilinijibu kwamba hapatikani. Niliswali rakaa ambazo sikuzihesabu. Alfajiri nilichukua gari la kwanza kwenda Mombo, nikapanda zile kona za Soni nikiwa nimesimama, kwa kuwa viti vilijaa. Maporomoko ya Soni yalikuwa yamefura kando ya barabara, abiria wakitoa simu kuyapiga picha. Nami nilikuwa nimeyaandika katika karatasi yangu kwa maneno mazuri kweli.

Yaliyowapata usiku ule nilisimuliwa baadaye. Watu wa kijiji kimoja kabla ya Sunga walisikia honi, wakaja na tochi. Walimbeba Bibi kwa kiti hadi nyumbani kwa imamu wa msikiti wao, wakamkalisha karibu na moto, wakawapa wote uji na viazi vya kuchemsha, wakavua mablanketi ya vitanda vyao. Walipoulizwa gharama asubuhi, waliuliza gharama ya nini. Bibi alitapika usiku, akawa anaomba maji kila wakati. Kulipokucha vijana walilitoa gari mtaroni, akapelekwa zahanati, sukari ikapimwa, ikakutwa juu mno. Saa tano walifika Lushoto, akalazwa.

Nilimkuta amelazwa, macho yakiwa wazi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi?"

"Ndiye mimi, Bibi."

Alinitazama kwa muda. "Unaandika vizuri," akasema.

Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na la kuongeza. Nimepata kukaripiwa na masheikh zangu, na mwenyekiti wa kamati aliwahi kunirushia muhtasari mezani mbele ya watu. Hakuna maneno yaliyonichoma kama yale mawili.

Mwanawe alinifuata nje. Nilikuwa nimekuja na fedha zao zote za siku tano, nikamkabidhi bahasha. Alizihesabu, kama mhasibu, akachukua za siku mbili alizokesha hospitalini, akanirudishia zilizobaki. "Siku tatu tulikaa kwa raha," alisema. "Hizo ni halali yenu." Kisha akanipa karatasi yangu. Ilikuwa imelowa na kukauka, ina tope kwenye mikunjo. Kando ya mistari alikuwa amesahihisha kwa kalamu ya wino, bila ghadhabu, kwa tarakimu tu. Penye dakika 40 kwenda mjini aliandika: "Kupanda: saa 1 na dakika 10, na mtoto." Penye Irente: "Tulikwenda saa 2 asubuhi, hatukuona hata miguu yetu. Tulirudi saa 10, tukaona." Penye hospitali: "Karibu na nini?" Penye Mtae hakuandika kitu. Alichora mstari chini ya neno "fupi".

Ndipo nilipokumbuka kile kisa ambacho kila mwanafunzi wa madrasa hukijua, cha Mtume (S.A.W.) aliyepita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikatoka na unyevu. Muuzaji alisema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisa hiki nimewafundisha watoto mara nyingi, na mara zote nilimwona muuzaji wa nafaka tu. Haikunipitikia kwamba mwenye nyumba ya wageni naye ana lundo lake, na kwamba mvua ya masika katika barabara ya Mtae ni unyevu niliouficha chini. Ningeweza kujitetea kwamba sikusema uongo, kwani barabara kweli hupitika. Muuzaji yule naye hakusema uongo, alinyamaza tu.

Shangazi aliliweka jambo hilo kwa namna yake tulipokuwa tukikunja mashuka ya wageni. "Mlima si wako, baba," alisema. "Lakini karatasi ni yako."

Bibi alitoka hospitalini siku ya tatu, alhamdulillah. Wiki mbili baadaye niliomba ruhusa kazini, nikapanda Lushoto na saa mkononi na daftari la muhtasari.

Nilikwenda kila mahali nilipopaandika. Mjini nilishuka kwa miguu na kupanda kwa miguu, pamoja na mjukuu wa Shangazi mwenye miaka 6, ambaye alikaa chini mara nne. Nilipima kutoka mlangoni petu hadi hospitalini: kwa bodaboda dakika 15 kukiwa kukavu, na usiku hakuna bodaboda mpaka umpigie mtu unayemjua. Nikaandika hivyo hivyo, nikaweka na namba ya kijana anayekubali kuamshwa. Nilikwenda Irente asubuhi nikakutana na ukuta mweupe, nikarudi Alasiri nikakuta ardhi imekatika mbele yangu, na chini kabisa barabara kuu ya kwenda Arusha nyembamba kama uzi, na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari. Pale ukingoni watoto hawaachwi mkono, na hilo nalo halikuwamo katika karatasi ya kwanza. Njiani nilipita shamba la Irente, ambako huuzwa jibini, mkate wa unga usiokobolewa na jemu za matunda. Shamba ni la Walutheri na sioni haya kulisifu mbele ya Waislamu wenzangu: nyasi zimekatwa, choo ni kisafi, na watoto hukaa chini ya miti wakala bila mtu kuwafukuza.

Msitu wa Magamba sikuuzoea, nami nilitembea humo kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 34, jambo la aibu kwa mtoto wa Usambara. Msitu huo umehifadhiwa, hivyo kuna ada na kuna mwongozaji, na asiyetaka kulipa asiende. Ndani ni kiza cha kijani na ubaridi wa kisima. Juu ya miti walikuwapo mbega, weusi wenye manyoya meupe mabegani, wakirukaruka bila sauti. Mwongozaji alinionyesha kinyonga ambaye nilikuwa nimemtazama kwa dakika nzima nikidhani ni jani. Wageni wengi huuliza lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya hupandwa katika vyungu madirishani, na ambalo jina lake la kitaalamu, Saintpaulia, linatokana na baroni wa Kijerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire. Asili yake ni milima hii, kwenye miamba yenye kivuli na maji. Sikuliona siku ile. Katika karatasi ya kwanza nilikuwa nimewaahidi wageni kwamba wataliona. Katika ya pili nimeandika kwamba lipo, na kwamba mimi sikuliona.

Vuga nilikwenda kwa ajili ya nafsi yangu. Hapo, juu ya Soni, ndipo palipokuwa makao ya Wakilindi waliotawala Usambara, akiwamo Kimweri ye Nyumbai ambaye sifa zake zilifika pwani yote katika karne ya 19. Mgeni anayetarajia magofu makubwa atarudi mikono mitupu. Atakayekuwa amesoma kwanza Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, atasimama pale na kuwa na la kutazama. Nimenunua nakala moja, nimeiweka rafuni sebuleni, karibu na misahafu.

Mtae niliiweka mwisho. Nilikwenda kwa basi, nikiwa macho njia nzima. Nilishuka katika kile kijiji kabla ya Sunga nikiwa na mfuko wa sukari na mikeka miwili ya msikiti, nikamtafuta yule imamu. Ni mtu mfupi mwenye mikono ya mkulima. Alipokea mikeka kwa ajili ya msikiti, akaniambia sukari nimpelekee jirani yake, kwa kuwa mablanketi yalikuwa ya jirani. Nilipomwambia kwamba mimi ndiye niliyewatuma watu wale, alicheka, akasema kila masika huja wawili watatu namna hiyo, na wote husema wameambiwa si mbali.

Mtae yenyewe imekaa juu ya mgongo wa mlima mfano wa mtu aliyekaa juu ya ukuta. Nyumba zimefuatana kwenye ukingo. Nyuma yako ni mabonde ya Usambara, mbele yako hakuna kitu, ila chini, mbali, tambarare ya Mkomazi imenyooka hadi upande wa Kenya. Nilisimama pale nusu saa. Baba alinileta hapa na mimi nilikumbuka lori tu. Nikaelewa kwa nini watu hupajia, na nikaazimia kwamba sitapafuta katika karatasi, ingawa hofu ilinishauri nipafute. Nimeandika: kiangazi tu, gari refu, ondokeni baada ya Alfajiri, ni siku nzima, na wenye dawa wachukue dawa, afadhali zaidi mlale huko.

Kaka alipoisoma karatasi mpya alinipigia simu. "Nani atalipa fedha akishasoma vitisho hivi?" Alikuwa amepata wazo la kuongeza Mkomazi, kwa kuwa ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2008 na ina faru na mbwa mwitu, na kwa kuwa tambarare yake huonekana kutoka Mtae. Nilimweleza kwamba kuiona si kuifika: lango la Zange lipo karibu na Same, na kutoka kwetu ni kushuka mlima wote kisha kufuata barabara kuu saa kadhaa. Tulibishana. Nilitaja ijara na manfaa kujulikana, akanijibu kwamba yeye hakuomba darsa. Dada aliyekuwa akisikiliza kwenye simu hiyo hiyo alisema tumwulize mwenye funguo.

Shangazi hakutaka kushika simu, akazungumza kwa sauti kubwa kutoka jikoni. "Ukimwambia mgeni njia ina matope, atavaa viatu. Usipomwambia atavaa kandambili, kisha atakusema wewe, hatayasema matope."

Kaka alinyamaza. Nilidhani nimeshinda. Lakini mwezi uliofuata familia mbili zilizokuwa zimeweka nafasi ziliipokea karatasi mpya, zikaahirisha, na moja kati yao haikurudi kabisa. Kaka hakusema neno, na ukimya wake ulikuwa na gharama zake, kwani mwaka wetu ulikuwa unakatika na paa lilikuwa bado nusu.

Karatasi sasa ina kurasa sita. Mwanzo kabisa, kabla ya mandhari, nimeweka baridi: mwezi wa sita na wa saba leteni masweta, na watoto wavae soksi kitandani, kwani Dar es Salaam hamjui baridi. Umeme hukatika, mishumaa na taa ya betri zipo kabati la kushoto. Nyama hununuliwa bucha la mjini asubuhi, mchana huwa imekwisha. Mboga msinunue mjini. Shukeni kwa majirani wanaolima karoti na kabichi zinazopelekwa Dar es Salaam, mtazipata zikiwa bado na udongo. Kibla nimekichorea mshale ukutani kila chumba, kaskazini ikielemea kidogo mashariki, baada ya Shangazi kuwakuta wageni wawili wakisali kuelekea dirisha lenye mandhari nzuri zaidi. Na kwa kuwa wengi huniuliza kama wapunguze sala, nimeandika pia: mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, katika madhehebu yetu ya Shafii husali kamili tangu afikapo. Wapo waliokaa wiki nzima wakipunguza, wakidhani ubaridi ni safari.

Paa lilikamilika siku 19 baada ya mwaka kwisha. Kaka aliweza kuzihesabu siku hizo, na alizihesabu, kisha akatuma fedha za misumari kutoka mfukoni mwake.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja simu ya Shangazi ililia nikiwa nimeketi naye barazani. Alikuwa Bibi yule wa Dar es Salaam. Alitaka kuja tena, na wajukuu, safari hii kwa ajili ya matunda. Alisikia kwamba Lushoto ina plamu na peasi na fyulisi ambazo pwani hazikubali. Wangeweza kuja Ijumaa ileile, mwanawe amepata likizo. Nyumba ilikuwa tupu wiki hiyo, na fedha zilihitajika kwa ajili ya mfereji wa maji.

Shangazi aliniangalia. Mimi niliutazama mti wa plamu wa baba, nikaziona plamu ngumu na za kijani.

"Mwambie wiki mbili bado," nilisema.

Akamwambia. Kisha akasikiliza kwa muda, akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza, huyo anayesema wiki mbili ni yule mwandishi?"

"Mwambie ndiye."

"Anasema basi upande mti uzishike kwa mkono kwanza."

Nikavua viatu.